Clément Ader (1841–1925): Mhandisi, Mashine Zake na Suala la Ushahidi

1.0 Utangulizi

Katika historia ya usafiri wa anga, jina la Clément Ader lina sifa mbili zinazokinzana. Kwa Wafaransa wengi, yeye ni baba wa usafiri huo, mtu aliyeinuka kutoka ardhini kwa nguvu ya injini miaka 13 kabla ya ndugu Wright wa Marekani. Kwa baadhi ya wanahistoria, hususan wa Uingereza, ni mhandisi hodari aliyedai makubwa kuliko aliyoyatenda. Maisha yake yanadhihirisha kwamba hukumu zote mbili zina msingi wake. Kiini cha mgogoro huo ni mashine zake, lakini pia ni ushahidi: ni nani alikuwepo, aliona nini, na habari hizo ziliandikwa lini.

2.0 Malezi na kazi za awali

Ader alizaliwa tarehe 2 Aprili 1841 katika mji mdogo wa Muret, kusini mwa Toulouse. Baba yake alikuwa seremala. Baada ya masomo yake Toulouse, aliajiriwa na kampuni ya reli ya kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1868 alianza kutengeneza baiskeli zenye magurudumu yaliyovikwa mpira, biashara iliyovunjwa na vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870. Baadaye alihamia Paris, akajiingiza katika ufundi wa simu na kushiriki katika kuunda mtandao wa kwanza wa simu jijini humo. Katika Maonyesho ya Umeme ya 1881 aliwawezesha wasikilizaji kuzisikia nyimbo za jumba la Opera wakiwa mbali nalo. Kila msikilizaji alishika vipokea sauti viwili, kimoja kwa kila sikio, na kila kimoja kilipokea sauti kutoka sehemu tofauti ya jukwaa. Mapato ya uvumbuzi wa namna hii ndiyo yaliyomwezesha kugharimia shauku yake kubwa zaidi, yaani kuruka.

3.0 Éole na jaribio la 1890

Ader aliutafuta mfano katika maumbile. Aliwachunguza ndege na popo, na mabawa ya mashine yake ya kwanza, Éole, yalifuata umbo la bawa la popo kwa ukaribu mno. Mashine hiyo ilikuwa na upana wa takriban mita 14 na uzito wa karibu kilo 300. Iliendeshwa na injini ya mvuke yenye nguvu za farasi 20 hivi, iliyozungusha rafadha moja ya mianzi. Injini hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake, kwani ni wachache wakati huo walioweza kupata nguvu kiasi hicho kutokana na mvuke kwa uzito mdogo namna ile.

Tarehe 9 Oktoba 1890, katika bustani ya kasri la Armainvilliers, mashariki ya Paris, Éole iliinuka kimo cha sentimita 20 hivi na kwenda umbali wa takriban mita 50. Hapakuwa na tume wala mpimaji rasmi. Hata hivyo, hata wakosoaji wake wakali, akiwemo Charles Gibbs-Smith aliyechapisha kitabu juu ya madai hayo mwaka 1968, wamekubali kwamba mashine iliachana na ardhi. Wanachokikataa ni kukuita kuinuka huko kuruka. Tanuri na bomba la moshi vilimzuia rubani kuona mbele, na mashine haikuwa na namna ya kutosha ya kuelekezwa ikiwa hewani. Ader alikuwa amelitatua suala la nguvu, lakini suala la udhibiti lilibaki vilevile.

4.0 Satory, 1897

Mwaka 1892 Wizara ya Vita ya Ufaransa ilifunga naye mkataba wa kuunda mashine itakayolifaa jeshi. Fedha zilizotolewa zilikuwa nyingi, na sharti lake lilikuwa siri. Matokeo yake yalikuwa Avion III, yenye injini mbili za mvuke na rafadha mbili. Ilijaribiwa tarehe 12 na 14 Oktoba 1897 katika kambi ya Satory, karibu na Versailles, kwenye njia ya mduara, mbele ya tume iliyoongozwa na Jenerali Mensier. Siku ya kwanza mashine ilizunguka njia hiyo, na alama za magurudumu zikaonyesha kwamba ilikuwa imepungua uzito juu ya ardhi. Siku ya pili upepo uliisukuma nje ya njia. Ader akazima injini, na mashine ikaharibika. Wizara ilisitisha msaada wake, na ripoti ya tume ikabaki siri.

5.0 Madai na ripoti

Mwezi Novemba 1906 Mbrazili Alberto Santos-Dumont aliruka mita 220 jijini Paris mbele ya hadhara na wapimaji. Ndipo Ader alipojitokeza na kudai kwamba yeye alikwisha kuruka mita 300 huko Satory. Kwa miaka michache dai hilo halikuweza kukanushwa, kwani waraka pekee ambao ungelipima ulikuwa umefungiwa. Ulipochapishwa mwaka 1910, ilionekana kwamba tume haikushuhudia safari ya namna hiyo. Siri iliyomletea Ader fedha ndiyo iliyomnyima mashahidi wa hadhara. Aidha, dai la 1897 lilipoanguka, liliitia doa hata kazi yake ya 1890 iliyostahili heshima.

6.0 Hitimisho

Ader alifariki Toulouse mwaka 1925. Katika kitabu chake cha 1909 kuhusu matumizi ya ndege vitani, alikuwa ameeleza meli ya kubebea ndege yenye sitaha tambarare isiyo na vizuizi, miaka kadhaa kabla ya meli ya namna hiyo kuundwa. Avion III imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Arts et Métiers, Paris.

Urithi wake ulioenea zaidi, hata hivyo, ni wa kiisimu. Neno *avion*, alilolibuni kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ndege mwenye mabawa, lilichaguliwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1911 kuwa jina la vyombo vyake vya angani, kisha likawa neno la Wafaransa wote. Kupitia Kifaransa limewafikia pia wasemaji wa Kiswahili wa Kongo. Kiswahili sanifu nacho kilifuata njia ileile ya maana kwa kukiita chombo hicho *ndege*. Mashine ya Ader haikuweza kumwiga ndege kikamilifu. Jina alilolibuni liliweza, nalo halikuhitaji shahidi.