Edward Steere: askofu aliyekipa Kiswahili ukurasa wake

Hapa Lubumbashi tunahubiri kwa Kifaransa na Kiswahili. Lakini tunapochapa vitabu vya kanisa, mara nyingi Kifaransa kinatangulia, na Kiswahili kinasukumwa nyuma kwa herufi ndogo. Tukumbuke mtumishi mmoja aliyefanya tofauti.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria, kisha akawa mchungaji wa Kianglikana. Mwaka 1864 alifika Zanzibar pamoja na Askofu Tozer. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Sultani Majid aliwakabidhi kwa misheni. Steere aliketi na wenyeji, akasikiliza hadithi zao na kuziandika. Vijana wa misheni walifundishwa kupanga herufi za risasi na kupiga chapa.

Mwaka 1870 kitabu chake cha hadithi za Zanzibar kilitoka London. Kinaanza na kisa cha punda wa dobi. Kushoto ni Kiswahili, kulia ni Kiingereza, kurasa zikitazamana. Kazi hiyo si nyepesi. Lugha moja inahitaji nafasi kubwa kuliko nyingine, hivyo mpangaji anapima mistari ili kurasa mbili zianze na kuisha pamoja. Faida yake ni kwamba mfasiri hawezi kuficha kosa: neno la msimulizi liko palepale, likimshuhudia.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Mahali pake Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, alijenga kanisa kuu la Mkunazini, huku akiendelea kutafsiri Maandiko. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Sisi wa Katanga tunaguswa. Njia za misafara zilizoleta Kiswahili mpaka Bunkeya, kwa Msiri, zilipeleka pia watu utumwani. Lugha iliyopita katika machozi hayo ndiyo mama zetu wanayoombea leo. Na katika Matendo 2 kila mtu alisikia kwa lugha yake. Hakuna aliyengoja nyuma.

Basi, tunapotengeneza kitabu cha nyimbo au cha mafundisho, tuzipe lugha zote mbili kurasa zinazotazamana, kwa herufi za ukubwa mmoja. Na kabla ya kuchapa, tumsomee mama asiyejua Kifaransa ukurasa wake. Asipoelewa, kazi haijaisha.