Tom Campbell Black

Tom Campbell Black (1899 – 19 Septemba 1936) alikuwa rubani kutoka Uingereza aliyefanya kazi Kenya katika miaka ya mwanzo ya usafiri wa anga Afrika Mashariki. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi, na miongoni mwa marubani waliozoea njia ya anga kati ya Nairobi na London kabla haijawa na ratiba ya kudumu. Duniani anakumbukwa zaidi kwa ushindi wake, pamoja na C. W. A. Scott, katika mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, mwaka 1934.

Maisha ya awali

Alizaliwa Brighton, kusini mwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa rubani wa kikosi cha anga cha jeshi la wanamaji, kisha wa Jeshi la Anga la Uingereza. Baada ya vita alihamia Kenya kama walowezi wengine wengi, akajaribu kilimo. Lakini hakuacha urubani. Pamoja na wenzake wawili alinunua ndege iliyoitwa Miss Kenya, aina ya de Havilland DH.51, iliyokuwa imeletwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925. Ndiyo ndege ya kwanza kuandikishwa nchini Kenya.

Wilson Airways

Mwaka 1929 Campbell Black alimshawishi Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi, kuweka fedha zake katika kampuni ya ndege. Ilikuwa bahati nasibu. Viwanja vya kutua vilikuwa vichache, na abiria wenye uwezo wa kulipa nauli walikuwa wachache zaidi. Kampuni ilianza Nairobi na ndege ndogo, Campbell Black akiwa meneja na rubani wake mkuu. Ilibeba watalii wa uwindaji, wagonjwa, maofisa wa serikali na barua.

Wakati huo msafiri wa kutoka Nairobi alishuka kwa reli hadi Mombasa na kupanda meli, na safari nzima hadi Uingereza ilichukua wiki kadhaa. Kwa ndege ilikuwa suala la siku. Campbell Black aliruka njia hiyo mara kadhaa, akifuata mto Nile kupitia Sudan na Misri hadi Bahari ya Kati. Rubani hakuwa na redio ya kumwongoza. Alikuwa na ramani, dira na mto wenyewe. Sehemu iliyoogopwa zaidi ilikuwa kinamasi cha Sudd, kusini mwa Sudan, ambako rubani aliyepata hitilafu ya injini hakuwa na ardhi kavu ya kutua wala kijiji cha karibu cha kuomba msaada.

Mwaka 1931 ndipo jina lake lilipovuma. Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa amekwama eneo la Nile kusini mwa Sudan baada ya kutoka Afrika Mashariki, alikokuwa akipiga filamu kutoka angani. Campbell Black alimtafuta kwa ndege, akamkuta katika hali mbaya na kumwokoa. Miaka kumi na mitatu tu kabla ya hapo wawili hao walikuwa pande mbili za vita moja.

Mwaka huohuo kampuni ya Imperial Airways ilifungua huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na Januari 1932 ikaifikisha Cape Town. Ndege zake zilitua Kisumu na Nairobi, kisha Moshi, Dodoma na Mbeya. Wilson Airways ikawa mshirika wake mdogo, ikisambaza barua kutoka njia hiyo kuu hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Si kila mahali palifaidika kwa kiasi kilekile. Kati ya Moshi na Dodoma, kwa mfano, ndege ziliruka moja kwa moja, zikiacha magharibi mwao wilaya ya Mbulu, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Hanang ya leo. Huko barua ziliendelea kutegemea barabara ya Arusha hadi Dodoma inayopitia Babati.

Campbell Black pia alikuwa mwalimu. Mwanafunzi wake maarufu kuliko wote alikuwa Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro na baadaye kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwaka 1932 Campbell Black aliondoka Wilson Airways na kuwa rubani binafsi wa Lord Furness, tajiri wa Kiingereza.

Kutoka Mildenhall hadi Melbourne

Mashindano ya mwaka 1934 yaliandaliwa kuadhimisha miaka 100 ya jimbo la Victoria nchini Australia. Zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 10,000 na kikombe cha dhahabu. Njia ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 18,000, na washindani walilazimika kutua Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Scott na Campbell Black walipewa ndege nyekundu iliyoitwa Grosvenor House, moja kati ya ndege tatu za DH.88 Comet zilizotengenezwa kwa mbao mahususi kwa mashindano hayo.

Ndege 20 ziliondoka Mildenhall alfajiri ya tarehe 20 Oktoba. Scott na Campbell Black walipokezana usukani, usiku na mchana, bila usingizi wa maana. Juu ya Bahari ya Timor injini moja ilipoteza presha ya oili, ikabidi wafike Darwin kwa injini iliyobaki. Walirekebisha walichoweza, wakaendelea wakiwa hawathubutu kutumia nguvu zote. Walivuka mstari wa mwisho Melbourne tarehe 23 Oktoba, baada ya takriban saa 71.

Pengine aliyeshika nafasi ya pili alionyesha zaidi mambo yajayo. Ilikuwa ndege ya abiria aina ya DC-2 ya shirika la KLM la Uholanzi, iliyosafiri na abiria na barua zake.

Jaribio la Cape Town na kifo

Machi 1935 alimwoa mwigizaji Florence Desmond. Septemba mwaka huo, akiwa na J. H. G. McArthur, alijaribu kuvunja rekodi ya London hadi Cape Town kwa Comet nyingine. Pangaboi lilipata hitilafu juu ya Sudan, nao wakaruka kwa parashuti. Wote wawili walinusurika, lakini ndege iliharibika kabisa.

Mwaka uliofuata alijiandikisha kwa mashindano ya Portsmouth hadi Johannesburg, akitumia ndege ndogo ya kiti kimoja aina ya Percival Mew Gull iliyopewa jina Miss Liverpool. Tarehe 19 Septemba 1936, siku kumi kabla ya mashindano kuanza, alikuwa akiiendesha ardhini katika uwanja wa Speke, Liverpool. Ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua iligonga ya kwake, na pangaboi lake likakata chumba cha rubani. Alifariki kutokana na majeraha hayo. Mtu aliyevuka Sudd na Bahari ya Timor alifia uwanjani, ndege yake ikiwa bado haijaondoka ardhini.

Kati ya ndege tisa zilizoondoka Portsmouth ni moja tu iliyofika Johannesburg. Rubani wake alikuwa Scott, akiwa na Giles Guthrie.

Wilson Airways ilikoma baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuanza, ndege zake zikichukuliwa kwa kazi za kijeshi. Uwanja wake wa Nairobi uliitwa Uwanja wa Ndege wa Wilson mwaka 1962. Miss Kenya na Grosvenor House zote zimehifadhiwa katika makumbusho ya Shuttleworth huko Old Warden, Uingereza.