Julia Robinson na Swali la Miaka Ishirini

Hebu fikiria umeshikilia kazi moja zaidi ya miaka 20, halafu kijana wa miaka 22 anatokea ng'ambo na kuimaliza. Ungefanya nini? Hayo ndiyo yaliyompata Julia Robinson, mwanahisabati wa Marekani.

Alizaliwa St. Louis mwaka 1919. Akiwa na miaka 9 alishikwa na homa, ikafuatwa na nyingine iliyouharibu moyo wake. Mwaka mzima alikuwa kitandani. Baadaye mwalimu wa nyumbani alimpitisha madarasa manne kwa mwaka mmoja tu!

Alisomea Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1941 akaolewa na mwalimu wake, Raphael Robinson. Kumbe kanuni hazikuruhusu mume na mke kufundisha idara moja. Mlango ukafungwa. Yeye akaendelea na masomo, akapata PhD mwaka 1948.

Sasa swali lenyewe. Mwaka 1900 Mjerumani David Hilbert aliuliza kama kuna njia moja ya uhakika ya kujua iwapo mlinganyo wowote una jibu la namba nzima. Sisi wa biashara tunaelewa: huwezi kuuza nusu ya ng'ombe aliye hai. Julia na wenzake Martin Davis na Hilary Putnam walikaribia kuthibitisha kwamba njia hiyo haipo. Kufikia 1961 ilibaki hatua moja, na hiyo ikakataa kabisa. Kila siku yake ya kuzaliwa, akizima mishumaa, alitamani tu jibu lijulikane, hata likipatikana na mtu mwingine.

Januari 1970, Yuri Matiyasevich wa Leningrad akaimaliza hatua hiyo, akitumia kazi ya Julia. Wakati huo Marekani na Urusi zilikuwa hazipatani. Julia hakununa. Alimwandikia kumpongeza, akamtania kwamba ilibidi amngoje akue kwanza, maana swali lilipoanza kumsumbua Yuri alikuwa mtoto mchanga. Mwaka 1971 alimtembelea Leningrad, na baadaye wakaandika makala pamoja.

Berkeley ilimpa uprofesa mwaka 1976, akiwa na miaka 56. Kwa ajili ya afya yake alichukua robo tu ya kazi. Mwaka 1983 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Wanahisabati cha Marekani. Saratani ya damu ilimchukua Julai 1985.