Matias Mulumba, Mtu wa Bwana Mmoja

Amri ya kwanza yatuagiza kumwabudu Mungu peke yake. Watoto wetu wa Iringa na Mbeya waijua kwa moyo tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Lakini kuijua ni jambo moja, na kuishika ni jambo jingine. Basi, wasomaji wapenzi, tumtazame mtu aliyeishika: Mtakatifu Matias Kalemba Mulumba, mmoja wa mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda.

Matias alizaliwa Busoga, akatekwa angali mtoto, akalelewa Buganda. Alipokuwa mtu mzima alipewa cheo chini ya mtawala wa Singo. Mulumba ndilo jina la cheo hicho. Alikuwa na kiu ya kumjua Mungu wa kweli. Alianza kwa Waislamu, akasikiliza mafundisho ya Waanglikana, na mwaka 1880 akajiandikisha kwa Mapadre Weupe, shirika lile lile ambalo baadaye lilifanya kazi huku Mbeya. Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882, pamoja na Luka Banabakintu.

Ubatizo ulimgharimu. Alikuwa na wake wengi, akabaki na mmoja. Wakubwa wa siku zile waliona ni aibu kubeba mzigo. Yeye alijitwisha bila haya. Fahari na anasa, ambazo kwa wengi ni miungu midogo ya nyumbani, hazikumtawala tena.

Novemba 1882 mapadre waliondoka Uganda, wasirudi mpaka 1885. Hapakuwa na Misa wala mtu wa kumkagua Matias. Hata hivyo yeye na wenzake wa Mityana waliendelea kusali na kufundisha jirani zao.

Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliamuru wasali wauawe. Matias alikuwa mtumishi wa serikali ya mfalme, naye aliifanya kazi yake; jambo moja tu alilikataa, kuacha sala. Waziri mkuu alimdhihaki kwa kuwa na mke mmoja, kisha akamhukumu kufa. Mwishoni mwa Mei, pale Kampala ya Kale, alikatwa mikono na miguu, akaachwa peke yake afe polepole. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Maisha hayo yatufundisha kupambanua. Kuwaheshimu wazazi, kuwakumbuka marehemu wetu, kuitii serikali, kuwaomba watakatifu watuombee: hayo si kuabudu. Kuabudu ni kumkabidhi Mungu moyo wote, na tumaini lote la uzima na la mauti. Haki hiyo haigawanyiki.

Nasi twapimwa wapi? Si mbele ya Kabaka. Twapimwa usiku mtoto anapoungua kwa homa, na jirani anapotunong'oneza jina la mganga. Mzazi apaswa kumpeleka mtoto hospitali na kumwombea. Hiyo ni akili na imani pamoja. Lakini akitoka kwenye Misa asubuhi, na jioni akamfunga mtoto hirizi au kutafuta kwa ramli aliyemroga, amejiwekea mabwana wawili, na mtoto huona yupi anaogopwa zaidi.

Aliyeanguka asikate tamaa, Kitubio kipo. Aichome hirizi yake, aende kwa padre, kisha asali nyumbani pamoja na watoto wake.

Mtakatifu Matias Mulumba, utuombee.