Robert Koch na Mbu wa Usambara

Biolojia darasani ilinipa Robert Koch wa kimeta na kifua kikuu. Kwamba alipanda milima yetu ya Usambara, mimi Msambaa wa Lushoto nilikuja kulisoma mwenyewe.

Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya tu, alionyesha kuwa kimeta husababishwa na bakteria. Mwaka 1882 akatangaza bakteria wa kifua kikuu. Ila tiba ya ugonjwa huo aliyoitangaza mwaka 1890 haikuponya.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 akaja huku. Milimani malaria ilikuwa adimu. Aliyeshuka tambarare ndiye aliyeugua. Washambaa waliiita homa hiyo mbu, jina lile lile la mdudu, maana waliugua baada ya kuumwa naye huko chini. Koch aliliandika hilo. Ronald Ross ndiyo kwanza alikuwa ameona vimelea ndani ya mbu, India, Agosti 1897. Ross alipata Nobel mwaka 1902, Koch mwaka 1905. Washambaa wakabaki “wenyeji” tu.

Baadaye, Java na New Guinea, Koch aliona jambo jingine: penye malaria nyingi, watoto wamejaa vimelea, watu wazima wana kinga. Mbona kinga huchukua miaka? Kimelea cha falsiparamu kina jeni za var kama 60, kila moja na protini yake ya kubandika juu ya chembe nyekundu ya damu. Ni kama kanga 60 sandukuni: anavaa moja, nyingine zimekunjwa na kubanwa. Herufi za DNA hazibadiliki. Kinachobadilika ni ipi imekunjuliwa. Mwili ukishaizoea moja, wapo vimelea waliokwisha kuvaa nyingine. Mtoto wa tambarare huzijua kidogo kidogo, akiponea. Aliyekulia milimani hushuka hajui hata moja.

Mwaka 1906 na 1907, visiwani Ssese, Uganda, Koch aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, na baadhi wakapofuka. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Namheshimu kwa kusikiliza na kuandika. Ila wewe mwanachuo mwenzangu, ukienda kijijini kukusanya data, andika na jina la aliyekufundisha, kama ameridhia.