Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyehamia Ulaya kwa jina la mumewe

Hapa kwetu Pwani safari ya Ulaya huzungumzwa sana kwa upande wa kwenda. Visa imetoka, tiketi imelipwa, mwenyeji yuko tayari kumpokea mgeni kwenye uwanja wa ndege. Ya miaka mitatu minne baadaye, mwenyeji akifa au ndoa ikivunjika, hayana msemaji. Ndiyo maana naona maisha ya Sayyida Salme binti Said yafaa kusomwa upya. Watalii kule Mji Mkongwe husimuliwa hadithi ya mapenzi. Mimi nataka tuyaangalie kama maisha ya mtu aliyehamia bara jingine, na yaliyomkuta huko.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yuleyule aliyewaondoa Mazrui madarakani Mombasa mwaka 1837. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi, aliyetolewa kwao katika milima ya Kaukasi akali mtoto. Kwa hiyo kuhama kulikuwa ndani ya nyumba ile tangu mwanzo, ila mama hakuulizwa kama anataka.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani huo ndio uliokuwa ubao wa siku zile. Ujuzi huo ulimponza na ukamwokoa kwa zamu.

Sultani alifariki baharini mwaka 1856. Salme alikuwa na miaka 12. Alitangazwa kuwa amefikia utu uzima, akapewa fungu lake la urithi, shamba na fedha, kwa jina lake mwenyewe. Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia tukifika Hamburg.

Mwaka 1859 mama yake alikufa kwa kipindupindu. Mwaka huohuo ndugu yake Barghash alijaribu kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa ameshika kiti cha baba yao Zanzibar. Salme, msichana wa miaka 15, aliingia upande wa Barghash na kwa kuwa alijua kuandika akafanywa karani wa njama. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajitenga mashambani, Kizimbani na baadaye Bububu. Majid hakumlipiza. Baada ya muda walipatana, na kupatana huko kukawaudhi wale ndugu wa upande wa Barghash. Tangu hapo akawa na jamaa nusu tu.

Aliporudi mjini alikaa jirani na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana kiasi kwamba watu husalimiana darini, na wawili hao wakazoeana hivyo. Mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba. Katika ukoo ule, jambo hilo lingeweza kugharimu uhai wake. Mwezi Agosti, kwa msaada wa Waingereza waliokuwa mjini, aliingia usiku katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden.

Huko alikaa miezi mingi akimngoja Ruete amalize biashara zake Unguja. Majid, inafaa tuseme, hakumzuia wala kumdhuru mtu huyo. Mtoto wa kiume alizaliwa Aden. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafungishwa ndoa. Kisha wakapanda meli. Mtoto yule alifia Ufaransa, wakiwa njiani kwenda Ujerumani.

Kwa siku moja ile ya Aden alikuwa amebadilisha dini, jina, nchi na sheria inayomtawala. Wengi hubishana kuhusu lile la dini, na kila mtu ana msimamo wake. Lakini yako pia mambo ya mirathi ambayo hayasemwi vya kutosha. Kwa sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na Salme alikuwa na ndugu kadhaa wenye mali. Kila ndugu aliyefariki baada ya hapo, fungu lake Salme lilikuwa limekwisha kufungwa. Sijui kama kuna aliyemkalisha kitako Aden akampigia hesabu hiyo.

Walifika Hamburg mwaka 1867, wakakaa mtaa wa Uhlenhorst, kando ya maji ya Alster. Ruete alikuwa na uwezo, nyumba ilikuwa nzuri. Baridi ilimtesa, milango iliyofungwa mchana kutwa ilimshangaza, chakula kilimtia shaka, na watu walimtazama kama kitu cha maonyesho. Kijerumani hakukijua. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili, na mume ndiye aliyekuwa mkalimani wake kwa ulimwengu mzima: kwa daktari, kwa mpishi, kwa mawifi. Watoto watatu walizaliwa kwa kufuatana, Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie Aprili 1870.

Tarehe 6 Agosti 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu, zile zilizokokotwa na farasi. Rosalie hakuwa ametimiza miezi minne.

Salme alikuwa karibu kutimiza miaka 26. Unguja akiwa na miaka 12 alikabidhiwa shamba lake mwenyewe. Hamburg, mama wa watoto watatu, alikuta mambo ya mali aliyoiacha mumewe yamewekwa mikononi mwa wasimamizi, na yeye akisubiri uamuzi wa wanaume asiowajua katika lugha ambayo bado ilikuwa ikimpiga chenga. Sisi tumezoea kufikiri kwamba mwanamke akitoka huku kwenda kule amekwenda kwenye uhuru. Kwake mambo yalikwenda kinyume.

Na kurudi? Miezi miwili baada ya Ruete, Majid naye akafariki Unguja. Ndugu aliyemwonea huruma alikuwa hayupo tena, na kitini sasa alikaa Barghash, ambaye hakumsamehe. Watoto walikuwa raia wa kule, na Wakristo. Alibaki.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye karne ya 19. Leo Ujerumani, kwa kawaida, humtaka mke au mume anayetoka Kenya afaulu mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha A1 kabla ya kupewa visa ya kuungana na mwenzake. Vijana wetu wa Mtwapa na Diani hulalamika kwamba ni kikwazo. Mimi nikimfikiria Salme mbele ya wale wasimamizi, naona ni kidogo mno. Jambo jingine ambalo halitajwi harusini: ndoa ikivunjika kabla ya miaka mitatu ya kuishi pamoja kule, kibali cha kukaa, isipokuwa kwa sababu maalumu, chaweza kupotea, kwa kuwa kilitolewa kwa ajili ya ndoa. Anayehama kwa karatasi ya mtu mwingine aulize mapema karatasi yake mwenyewe ataipata lini, akaunti ya benki iko kwa jina la nani, na kama shamba la Kilifi alilouza ili apate nauli lilikuwa ndilo mlango wa kurudia.

Tumrudie Salme. Fedha zilipungua, akahama mji hadi mji akitafuta maisha nafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Cologne. Alijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Yale maandishi ya kwenye mfupa wa ngamia yakawa sasa ndiyo yanayolisha watoto.

Mwaka 1875 alisikia Barghash anazuru London, akavuka bahari kwenda kumwomba. Sir Bartle Frere, aliyekuwa mtu mzito serikalini, alimshawishi asimkaribie ndugu yake, akimuahidi kwamba watoto wake wataangaliwa. Akakubali. Ahadi haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Wajerumani. Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa imetangaza ulinzi wake juu ya maeneo ya bara na juu ya Witu, huku kwetu nyuma ya Lamu, na Barghash alikuwa akipinga. Manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na pamoja nazo alikuja Salme na watoto wake, na madai yake ya urithi. Alitembea tena katika vichochoro vya mji wake baada ya miaka 19, watu wakimsalimia na kumfuata. Barghash alikataa kumwona. Bismarck naye, alipopata alichokitaka kwa Sultani, hakuwa tena na haja ya madai ya mjane. Nchi mbili zilimchukua kama raia au rafiki pale alipokuwa na faida, na zote mbili zikamwacha.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kusimulia maisha yake mwenyewe, na mtu yeyote anayetaka kujua maisha ya ndani ya kasri za Unguja lazima akipitie. Mwaka 1888 Barghash alifariki, Salme akaenda Zanzibar mara ya pili, akarudi mikono mitupu. Safari hii hakutaka tena kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut kwa zaidi ya miaka 20, mahali ambapo angalau adhana na Kiarabu vilisikika dirishani. Vita vya 1914 ndivyo vilivyomrudisha Ujerumani, kwa bintiye.

Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, na amezikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe. Mwanawe Rudolph Said-Ruete, aliyeliongeza jina la babu kwenye jina la baba, aliandika kitabu juu ya Sayyid Said kilichochapishwa mwaka 1929, na nyaraka za familia akazipeleka Leiden, Uholanzi. Madai ya urithi hayakulipwa kamwe.