Tommy Douglas: Mtoto aliyenusurika kukatwa mguu

Mzazi aliyewahi kusimama dirisha la malipo la hospitali huku mtoto mgonjwa amelala begani atayaelewa upesi maisha ya Tommy Douglas.

Alizaliwa Falkirk, Scotland, mwaka 1904. Akiwa mdogo alianguka akaumia goti, na bakteria wakaingia hadi kwenye mfupa. (Ugonjwa huo upo hata leo. Mtoto mwenye homa na maumivu makali ya mguu asikandwe maji ya moto nyumbani siku nenda rudi, awahishwe hospitali.)

Familia ilipohamia Winnipeg, Kanada, mguu ulianza kumsumbua tena. Baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma, hakuwa na fedha za daktari bingwa, na jibu walilopewa ni kwamba mguu ukatwe. Ndipo bingwa mmoja wa mifupa alipomwona wodini, akakubali kumpasua bure, kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Mguu ukapona. Mwaka 1922 Douglas akawa bingwa wa ngumi wa uzani mwepesi katika jimbo la Manitoba!

Hakuwahi kusahau kwamba aliokolewa na bahati. Mtoto wa kitanda cha pili angeokolewa na nani?

Akawa mchungaji, kisha mwaka 1944 kiongozi wa serikali ya jimbo la Saskatchewan, lililokuwa na wakulima wengi na madeni mengi. Hakuanza na kila kitu. Januari 1, 1947 ulianza mfuko wa kulazwa hospitalini: dola 5 kwa mtu kwa mwaka, familia nzima isizidi dola 30. Ada ya daktari haikuwamo. Hiyo ilisubiri hadi serikali kuu ilipoanza kubeba sehemu ya gharama za hospitali mwaka 1958, jimbo likapata nafasi ya kupumua.

Sheria ilipita 1961, naye akaenda kuongoza chama kipya cha taifa. Juni 1962 wapiga kura wa Regina, mji mkuu wa jimbo hilohilo, walimnyima kura. Julai 1 bima ilipoanza, madaktari wengi waligoma kwa siku 23. Mrithi wake, Woodrow Lloyd, hakurudi nyuma.

Mwaka 1966 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya mfano huo kwa nchi nzima, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa yamejiunga. Douglas alifariki Februari 24, 1986, kwa saratani.